Kopo la Jalala

Benchi la barazani kwa Mama Pindo, fundi cherehani, lilitengenezwa kwa watu watatu na siku zote hukaliwa na wanne, kila mmoja nusu yake ikining'inia hewani. Mbele ya benchi, juu ya kigoda, hukaa Shangazi na birika lake la kahawa. Si shangazi wa mtu yeyote pale. Alianza kuitwa hivyo na mteja mmoja aliyekuwa anambembeleza kwa kikombe cha pili cha bure, na jina likaganda. Asubuhi hiyo mkaa ulishika mapema, kahawa ilikuwa imekolea, wateja walikuwa wamefika wote, na bado Shangazi alimwaga kahawa juu ya mkaa mara mbili kama mtu anayejifunza kazi. Jana yake jioni, Redio, kinyozi wa mlango wa pili, alikuja mbio na habari kwamba mwenye nyumba anataka benchi litoke kesho yake. Simu ya mwenye nyumba, kama kawaida yake, haikupatikana. Benchi likitoka, birika litakwenda wapi? Shangazi alilala na swali hilo, akaamka nalo, na sasa alikuwa anangoja wenye benchi waliongelee. Wenye benchi walikuwa wanaongelea uchaguzi.

— Nauliza tena, — akasema Spana, fundi magari, ambaye huacha alama ya grisi kwenye kila kikombe anachokishika. — Nani hapa alimpigia Kijiko?

Kijiko ndiye mshindi aliyetangazwa wiki iliyopita. Wagombea walikuwa watatu, na watu waliwaita kwa alama zao kwenye karatasi ya kura: Kijiko, Ngazi na Kengele. Kijiko alipata kura thelathini na tano katika kila mia, wawili waliobaki wakagawana zilizosalia karibu sawa kwa sawa, basi yeye akaapishwa kwa mbwembwe zote. Tangu siku hiyo, Shangazi hajakutana na mtu hata mmoja anayekiri kwamba alimchagua.

— Mimi Ngazi, — akasema Redio. — Dunia nzima inajua.

— Dunia nzima inajua kila kitu chako, — akasema Spana. — Mimi Kengele. Sheria?

Sheria si mwanasheria. Ni tarishi wa mahakama, na kwa kuwa amebeba hati za watu miaka mingi kwapani, anaona zimemwingia mwilini.

— Ngazi. Natamka hivyo bila kushurutishwa na mtu yeyote.

— Kengele! — akapaza sauti Mama Pindo kutoka ndani, cherehani ikiendelea kukimbia. — Na msiniulize tena, nina suruali ya watu hapa!

— Mzee Hasira je?

Mzee Hasira, mstaafu aliyekuwa akisoma mita za maji nyumba kwa nyumba, akanyoosha mgongo. Aling'atwa na mbwa wengi katika kazi ile, na hasira aliyostaafu nayo ni zaidi ya kiinua mgongo.

— Mimi nilichora mbuzi.

Benchi zima likamgeukia.

— Mbuzi?

— Mbuzi mzima, na ndevu zake. Kijiko simtaki. Ngazi simtaki. Kengele ananipigia kelele tu. Nikachora mbuzi karatasi nzima, ili wajue kuna mtu huku amekasirika.

— Na wamejua?

— Watajua tu.

— Basi mimi nawaambia, — akasema Redio, akisogea mbele mpaka karibu aanguke. — Waliompigia Kijiko wapo, ila wamehama mtaa kwa aibu. Mbona malori ya kuhamisha vyombo yamekuwa mengi hivi?

— Acha zako. Hesabu ni rahisi, — akasema Spana. — Chukua gari. Magurudumu manne. Moja na kidogo linataka kushoto. Mengine yote hayataki kushoto, ila mawili hayajaelewana yaende kulia au moja kwa moja. Unajua gari litakwenda wapi?

— Kushoto?

— Mtaroni! Halafu litaletwa kwangu.

— Utaratibu ndio huo, — akasema Sheria. — Mwenye nyingi ndiye mshindi. Hakuna aliposema lazima zifike nusu. Ngazi na Kengele walikuwa wanachota kisima kimoja, huyu akiujaza mtungi wake robo tatu na yule robo tatu, Kijiko akapita na ndoo yake. Ingekuwa kuna duru ya pili, Kijiko na Ngazi uso kwa uso, wewe Spana ungempa nani?

— Ngazi. Kwa shingo upande, lakini Ngazi.

— Mama Pindo?

— Ngazi! Suruali hii!

— Mmeona? Leo Kijiko angekuwa kwake anakoroga chai.

— Mnakisahau chama kikubwa kuliko vyote, — akasema Redio. — Chama cha Waliolala. Shemeji yangu siku ya kura alilala mpaka mchana, eti wote ni walewale. Jirani yake naye kalala. Mtaa mzima umelala! Ukiwahesabu waliolala, wamewashinda wote watatu. Kiongozi wetu halali ni mtu yuko kitandani saa hizi na hajijui!

— Aapishwe na shuka lake!

— Hotuba yake iwe ni kukoroma!

— Ninyi mnacheka, — akasema Sheria, — lakini watu wamechoka, na mtu aliyechoka hataki kuchagua, anataka kuondoa. Basi tupewe kura ya kuondoa. Kila mtu anamfuta asiyemtaka, na atakayebaki ndiye.

— Na kama wote wakifutwa?

— Tunamwapisha mbuzi wa Mzee.

Hapo Spana akakuna kidevu kwa kidole cheusi.

— Mzee wangu, hebu tulia kwanza. Yule mbuzi ulimchora akiangalia wapi?

— Juu. Kulia. Kwa dharau.

— Na pembe zake zilifika wapi?

— Pembe moja tu, karatasi ilikuwa inakwisha. Niliikunja vizuri, ikakaa kama... — Mzee Hasira akainua kidole, akachora hewani. Kidole kikashuka kidogo, kikapinda, kikapanda juu kwa madaha. Kila mtu barazani aliiona: alama ya vema. — Mungu wangu.

— Na nani alikuwa wa kwanza juu kwenye karatasi?

Mzee Hasira akashusha kidole. Redio alikuwa amekwisha kuteleza kutoka kwenye benchi, yuko chini anapiga sakafu kwa kiganja.

— Ni yeye! Tumempata! Aliyemchagua Kijiko ni Mzee!

Shangazi naye alicheka mpaka akashika birika kwa mikono miwili lisimwagike. Aliwapenda watu hawa, na hakuna siku aliyojidanganya kuhusu hilo. Ndiyo maana kicheko kilipopungua, hofu ilirudi palepale ilipokuwa. Akagonga kifuniko cha birika.

— Kijiko ameshakaa kitini. Hili benchi je? Limebakiza leo tu.

Wakatazamana. Redio akainuka, akajipangusa.

— Mbona hilo ni jepesi? Linakuja mbele ya kinyozi. Kuna kivuli, kuna kioo, kuna mimi.

— Wewe ndiye tatizo la pale, — akasema Spana. — Liende karakana. Kuna nafasi, na mguu wake wa chuma niliuchomelea mimi.

Sheria akakohoa. Yeye aliona getini pa zahanati panafaa zaidi, kwa sababu ni njia yake ya kila siku. Hakusema kwamba kuna muuguzi pale aliyewahi kuusifu mwandiko wake, ila wote walilijua hilo.

Wakavutana mpaka vikombe vikapoa. Shangazi aliwasikiliza, moyo ukimshuka. Kwa kinyozi, Spana hatafika. Karakana, Sheria hatakalia kiti chenye mafuta na suruali yake ya mahakamani. Zahanati, nani ataacha kazi kwenda kunywa kahawa karibu na sindano? Aliona waziwazi wanavyokwenda kugawanyika, huyu kule na yule huku, na yeye katikati ya barabara na birika lake, anamwita nani hajui.

— Tupige kura, — akasema Sheria. — Ya siri.

Wakaingia dukani kwa Mama Pindo. Kwenye kona kuna pazia la kupimia nguo, na nyuma yake meza ndogo na kioo. Juu ya meza hiyo yakapangwa makopo matatu matupu, na Mama Pindo akaandika juu ya kila moja kwa chaki ya kukatia nguo: KINYOZI, KARAKANA, ZAHANATI. Kura zikawa vifungo vyeupe vya shati, kimoja kwa kila mtu.

— Na sisi tusiotaka hata moja? — akauliza Mzee Hasira.

— Wewe tukuwekee kopo la jalala! — akasema Redio.

Jalala la mtaa lilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kona, na siku upepo ukigeuka Mama Pindo hufunga madirisha.

— Liwekwe! — akasema Mzee Hasira.

— Mpiga kura ana haki ya kukataa, — akasema Sheria kwa uzito. Likawekwa kopo la nne, likaandikwa JALALA. Mama Pindo aliandika akiwa amewapa mgongo.

— Na mimi kifungo changu? — akauliza Shangazi, ambaye alikuwa ameshapewa kimoja.

— Wewe ndiye msimamizi wa uchaguzi, Shangazi. Msimamizi hapigi kura.

— Kahawa ni yangu, Sheria.

— Hasa! Una maslahi.

Shangazi akakitia kifungo kwenye mfuko wa aproni. Lilimuuma hilo.

Wakaingia nyuma ya pazia mmojammoja. Redio alikawia mpaka wakamwita, kumbe alikuwa anajitazama nywele kwenye kioo. Sheria alitoka akiwa amefunga vifungo vyote vya koti. Mzee Hasira aliingia na kutoka kama mtu anayetupa taka. Mama Pindo akaingia wa mwisho, na akakaa humo kwa muda, miguu yake ikionekana chini ya pazia ikisogea huku na huku. Alipotoka hakumwangalia mtu, akarudi kwenye suruali yake.

Shangazi akayaleta makopo barazani, akayamimina moja baada ya jingine juu ya benchi.

— Kinyozi, kura moja.

— Hiyo ni ya ufunguzi tu, — akasema Redio.

— Karakana, moja. Zahanati, moja.

Akamimina kopo la mwisho. Vifungo viwili vikabingirika.

— Jalala, mbili.

Kelele iliyozuka ilimtoa mteja mmoja wa Redio nje akiwa na povu shavuni.

— Mzee umepiga mara mbili!

— Nina hasira moja na kifungo kimoja!

— Basi nani? Spana?

— Mimi nipeleke kahawa yangu kwenye mainzi? Nilipiga karakana!

— Nami kwangu!

— Na mimi natamka kwamba...

— Zahanati, tunajua!

Wakamgeukia Mama Pindo. Mama Pindo alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, na ghafla tundu la sindano lilikuwa dogo kuliko siku zote.

— Kura ni ya siri, — akasema.

— Sasa sikilizeni, — akasema Redio. — Watu watatu kati ya watano hatutaki jalala. Lazima kuwe na duru ya pili.

— Ya nani na nani? — akauliza Spana. — Sisi watatu tumefungana. Jalala lipambane na nani? La haki ni hili: kila mtu apewe vifungo vitatu. Cha koti anaweka anapopapenda zaidi, cha suruali panapofuata, cha shati pa mwisho. Mtaona karakana inavyopanda.

— Inapandaje?

— Mimi ni chaguo la pili la kila mtu!

— Nani kakuambia?

— Mimi nitakata rufaa, — akasema Sheria.

— Kwa nani?

— Nitajipelekea hati mwenyewe.

Shangazi akasimama. Hasira ilimpanda, tena hasira ya kweli, maana walikuwa watano tu, wanajuana mpaka viatu, na hata kwa ajili yake walishindwa kukutana mahali pamoja.

— Wiki nzima mnanimalizia kahawa mkilia kwamba nchi imechaguliwa vibaya. Leo mmepanga makopo wenyewe, mmegawana vifungo wenyewe, mmejificha kwenye pazia wenyewe. Mwenye nyingi ndiye mshindi, au sivyo, Sheria? Haya. Bebeni benchi.

— Shangazi, tulikuwa tunatania...

— Kahawa nitaimimina jalalani. Anayetaka anifuate.

Akachukua birika kwa mkono mmoja na jiko kwa mwingine, akavuka barabara bila kutazama nyuma. Moyoni alikuwa anaomba wamfuate. Kwa sekunde chache alisikia honi za barabarani tu. Kisha akasikia mguu wa chuma ukigonga lami, Spana akipiga kelele, "Inua upande wako!" na Redio akijibu kwamba upande wake ndio mzito, na nyuma yao Mama Pindo na vikombe kwenye kikapu cha vitambaa.

Wakaliweka benchi kati ya ndoo iliyopasuka na godoro lililotoka matumbo. Kuku wawili wakawapisha kwa shingo upande. Wakakaa, kila mmoja kafunika kikombe chake kwa kiganja, wakinywa kwa pembeni ya kidole.

— Kahawa ya leo ina nini ndani yake? — akauliza Spana.

— Demokrasia, — akasema Shangazi.

Hapo hakuna aliyeweza kujizuia. Walicheka mpaka kuku wakahama kabisa. Mzee Hasira alicheka kuliko wote, na akakiri kwamba tangu aanze kuharibu kura hajawahi kushinda, na kwamba ushindi una harufu mbaya sana.

— Tazameni! — akasema Redio, akinyoosha kidole ng'ambo ya barabara. — Ngazi ameshinda!

Kweli ngazi ilikuwa inakuja, ya mbao, juu ya bega la mtu mnene mwenye ndoo ya rangi na kofia ya gazeti. Alisimama barazani kwa Mama Pindo, akazunguka kama anayetafuta kitu, kisha akawaona, akavuka.

— Samahanini. Hili ndilo benchi la pale kwa fundi?

— Ndilo. Limehamia hapa kwa mujibu wa sheria, — akasema Sheria.

— Mbona mmelileta mbali hivi? Mimi nimetumwa na mwenye nyumba nipake ule ukuta. Alisema benchi litoke leo, rangi ikauke, kesho lirudi. Si alimpa kinyozi ujumbe?

Shingo zote zikageuka kwa mpigo mmoja. Redio akajikuta peke yake katikati ya benchi lililojaa.

— Mashine ilikuwa inanguruma, — akasema kwa sauti ndogo ambayo hawakujua anayo. — Nilikuwa namnyoa kisogo. Nilisikia "benchi litoke kesho." Nikazima mashine nije kuwaambia, niliporudi alikuwa ameshaondoka.

— Hukungoja amalize sentensi?

— Habari ilikuwa ya moto!

Fundi rangi akataka kuelewa, wakamweleza wote kwa wakati mmoja: kinyozi, karakana, zahanati, pazia, vifungo, mbuzi, pembe. Alisikiliza ngazi ikiwa bado begani, akitikisa kichwa polepole. Walipomaliza, akauliza swali moja, na aliliuliza bila ubaya wowote.

— Sasa lile kopo la kubaki palepale, mliliweka wapi?

Sheria akafungua kifungo cha koti, akakifunga. Spana akachunguza grisi kwenye vidole vyake. Hata Mzee Hasira, ambaye ana jibu la kila kitu na jibu hilo ni hapana, alizamisha uso kwenye kikombe chake.

— Mimi nililitafuta, — akasema Mama Pindo. Alikuwa anaangalia kikapu chake. — Nilizunguka nyuma ya pazia na kifungo mkononi. Nikajiambia labda wameliweka chini ya meza. Kila mtu anagombea awachukue, na mimi nimezoea kushona nikiwasikia, hakuna aliyeniuliza. Basi nikatupa jalalani.

Shangazi alihisi macho yakimchoma, na safari hii si kwa moshi wa mkaa. Akamshika Mama Pindo mkono, akaubana. Kisha akaliinamisha birika amkaribishe fundi rangi. Likatoa matone matatu na mvuke kidogo.

— Kahawa imekwisha, — akasema. — Rudisheni benchi. Liwekeni mbali na ukuta, lisichafuke rangi.

Wakalinyanyua, na safari hii kila upande ulikuwa mwepesi. Fundi rangi akatangulia na ngazi yake, akisimamisha magari. Walipofika barazani, Shangazi alichukua kopo moja tupu, akaomba kipande cha chaki, akaandika kwa herufi za kuegamaegama: HAPAHAPA. Akalitua katikati ya benchi. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kifungo chake, akakidondosha. Kikalia vizuri sana ndani ya bati lile.

Redio hakuweza kuvumilia. Akapanda juu ya kigoda, akaweka ngumi mbele ya mdomo.

— Wananchi, matokeo ya awali yanaonyesha...

— Zima redio! — wakasema wote pamoja, hata fundi rangi, na siku hiyo hilo ndilo jambo pekee lililopita bila kupingwa.